Kupungua Bila Kuisha

Kwa karibu mwaka mzima nilitembea na kiganja cha mkono wa kulia nimekikandamiza kitovuni. Kanisani watu waliniona nimeinama kidogo, mkono tumboni, wakadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa ngiri. Penye kitovu palikuwa na tundu, na kila nilipokohoa, nilipoimba kwa nguvu au kuinua ndoo ya maji, utumbo ulichomoza chini ya ngozi kama ngumi ya mtoto. Niliusukuma ndani kwa vidole, nikamshukuru Mungu, nikaendelea na shughuli zangu.

Naandika haya nikiwa mzima, kwa ajili ya yule ambaye daktari amemwambia apunguze mwili, naye akirudi nyumbani anakuta watu wake wameanza kuomboleza. Mimi nilililiwa nikiwa hai, na nimeona kwamba hilo nalo linahitaji dawa yake.

Ilikuwa katika miaka ya tisini. Boma letu liko karibu na Rodi Kopany, upande wa Homa Bay. Nilikuwa nimefundisha katekisimu tangu ujana wangu, na wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mpana, mwenye kilo mia moja na kumi na nane. Hakuna aliyeniona mgonjwa kwa ajili ya hizo kilo. Kwetu mtu mwenye tumbo alikuwa mtu ambaye nyumba yake iko sawa.

Mwanangu wa kwanza, Ochieng, alikuwa na duka la mabati na misumari Migori, na ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa upasuaji huko baada ya Krismasi. Tulikaa kwenye benchi la ukutani tangu asubuhi. Kila mlango ulipofunguliwa sote tulinyoosha shingo, kisha tukazirudisha. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami alinimegea ndizi yake bila kuniuliza jina. Nilipoingia, daktari alinibonyeza tumbo, akanipandisha kwenye mzani, akaketi.

"Mzee, sitakupasua."

"Sasa nimekuja kufanya nini, daktari?"

"Kusikia ukweli. Kwa mwili huu, nikikulaza kwa dawa ya usingizi, mapafu yako yanaweza kushindwa kunirudia. Na hata ukiamka, mshono hautashika. Shuka mpaka kilo mia moja, halafu urudi."

"Na kama hiki kitu kitaniharibikia kabla sijafika huko?"

Hakunificha. "Utumbo ukitoka ukakataa kurudi, nawe ukaanza kutapika, usingoje kuche. Siku hiyo nitakupasua hata uwe na kilo mia mbili. Lakini omba usinijie hivyo."

Nilitoka nikijua kwamba nimewekwa kati ya mambo mawili: nipungue kabla utumbo haujanyongwa, au unyongwe kabla sijapungua. Yote yaliyofuata mwaka ule yalitokea nikiwa na hofu hiyo.

Daktari alinipeleka kwa afisa wa lishe, mwanamke wa Kisii aliyeitwa Bi. Moraa, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Aliniuliza nakula nini jioni.

"Ugali na mboga. Samaki akipatikana."

"Ugali kiasi gani?"

"Wa kawaida."

"Wa kawaida kwa nani, Mzee?"

Nilimweleza desturi yetu. Mke wangu hupika katika nyumba yake, na wake wa wanangu wawili walioko bomani hupika katika zao. Jioni kila nyumba humletea baba sahani yake. Huwezi kula ya nyumba moja ukairudisha ya nyingine. Utakuwa umemtukana aliyepika, na neno hilo halitaisha upesi.

"Sahani tatu? Kila jioni?" Alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee, wewe ni mahakama? Kila nyumba inakuja na kesi yake, na zote unazisikiliza mpaka mwisho!"

Ochieng alicheka. Nami nikacheka, mkono tumboni.

Kisha akaniwekea hesabu. Alisema chakula kina nguvu, na nguvu hiyo hupimwa kwa kalori, kama mafuta ya taa yanavyopimwa kwa lita. Alichukua uzito wangu, urefu wangu na umri wangu, akauliza natembea kiasi gani kwa siku. Akasema hata nikilala bila kusogeza kidole, mwili wangu unachoma nguvu, na nikiongeza kutembea kwangu nachoma kama kalori elfu mbili na mia sita kwa siku. Nilichokuwa nakula kilipita elfu tatu na nusu.

"Kwa hiyo nakupa elfu mbili," akasema. "Hizo zinazopungua, mwili utazitoa kwenye akiba yake."

"Kwa nini isiwe elfu moja, tumalize haraka? Kwaresima inakaribia. Kufunga nimezoea."

Akaiweka kalamu chini. "Hapo ndipo wazee wa kanisa wananisumbua. Ukila elfu moja, mwili hautakula mafuta peke yake, utakula na misuli. Daktari atashona nini? Usishuke chini ya elfu moja na mia tano bila mimi kujua. Nataka nusu kilo kwa wiki. Ukiniletea zaidi ya hapo nitakugombeza."

Nimefundisha watu uvumilivu miaka mingi. Siku ile nilifundishwa kwamba uvumilivu unaweza kupewa kipimo, na kwamba kuharakisha nako ni kukosa imani.

Nyumbani niliwaita wale wapishi watatu, nikawaomba wagawane sahani moja. Mke wangu angeleta ugali, kipande kama ngumi yangu. Mke wa mwanangu mdogo angeleta samaki au maharagwe. Akinyi, mke wa Ochieng, aliyebaki bomani akilima wakati mumewe yuko dukani, angeleta mboga. Hivyo kila nyumba ingekuwa imenilisha na hakuna ambayo ingekuwa imekataliwa. Walikubali. Chai yangu ikakosa sukari, mandazi ya asubuhi yakawa kiazi kitamu kimoja. Wiki za kwanza niliota nikila.

Kwaresima ikapita, nami nikaitii ile elfu mbili. Padri aliniambia kwamba kuacha sukari kwa utii ni sadaka kama nyingine. Mvua za masika ziliponyesha nilikuwa nimeshuka kilo saba. Nilitoboa mshipi tundu jipya kwa msumari. Kola ya shati ikaanza kunizunguka, pete ya ndoa ikawa inateleza nikinawa. Nilirudi Migori kila mwezi, na Bi. Moraa alipiga mzani wake kofi dogo kama mtu anayempongeza punda.

Lakini nilichokuwa nakifurahia mimi, wengine walikitazama kwa macho mengine. Miaka hiyo watu wetu walikuwa wanakufa kwa ukimwi, tuliouita *ayaki*, na walianza hivyo hivyo: mashavu, kisha shingo, kisha mshipi. Jumamosi tulizika, Jumamosi iliyofuata tukazika. Mtu akikonda hakuulizwa anaumwa nini. Watu walihesabu wenyewe kimya kimya.

Rafiki yangu Okeyo, ambaye tangu utoto hajawahi kunihurumia kwa maneno, alinisimamisha sokoni.

"Jaduong', mzee wangu, mbona unakwisha kama sabuni?"

"Napunguza mwili. Daktari ameniamuru."

"Daktari gani anakataza mtu kula? Hata ng'ombe wa maonyesho hafanyiwi hivyo." Alicheka, lakini aliposhika mkono wangu aliushika kwa muda mrefu kuliko kawaida, kama mtu anayeaga.

Baadaye, katika mkutano wa jumuiya yetu, nilikunywa uji kwenye kikombe kama wenzangu. Vikombe vilipokusanywa vikaoshwe, changu kiliachwa peke yake juu ya meza. Mama aliyekuwa anakusanya hakuniangalia. Nilikibeba mwenyewe nikakipeleka kwenye beseni.

Mke wangu aliliona hilo. Huyu ni Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi. Ndivyo ninavyomwita tangu nimwoe. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu. Nami sikumuuliza, kwa sababu nilijua anamfikiria nani. Tulikuwa na mwana aliyeitwa Ouma, na ugonjwa ule ulimchukua. Nyar Asumbi alimlisha kwa mkono wake miezi yote ile, maziwa, mayai, supu ya kuku, naye Ouma akazidi kupungua mpaka tukawa tunambeba kama mtoto. Nilidhani kwa kuwa nimemweleza habari ya ngiri na ya elfu mbili, ameelewa. Alikuwa ameelewa kwa masikio tu.

Baada ya Pentekoste mzani ulikataa. Nilikuwa na kilo mia moja na tisa, na mwezi uliofuata mia moja na tisa, na uliofuata mia moja na kumi. Bi. Moraa alinipima mara mbili.

"Mzee, nakuheshimu sana. Unakula nini ambacho huniambii?"

"Nakula ulichosema."

"Hesabu haidanganyi."

"Hata mimi sidanganyi, binti yangu."

Tulitazamana. Nimehojiwa na maaskofu, lakini sijawahi kujiona mwongo kama siku ile, na hali sikuwa nimesema uongo. Aliniambia nirudi nikaangalie kila kinachoingia kinywani. Niliporudi nikaangalia kweli. Ugali ulikuwa ngumi. Samaki alikuwa kipande. Mboga zilikuwa mboga.

Wiki hiyohiyo utumbo ulitoka mchana, nikiwa nafungua zizi, ukagoma kurudi. Nililala chali sakafuni, miguu juu ya kiti, nikabonyeza polepole jinsi nilivyofundishwa. Jasho lilinitoka. Nyar Asumbi alipiga magoti kando yangu akisali Salamu Maria bila kumaliza hata moja. Baada ya muda mrefu kitu kililegea chini ya vidole, kikaingia. Tulibaki pale sakafuni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama. Nilijua sina muda mwingi, na mzani umesimama.

Mwezi wa saba mvua ya baridi ilinyesha mchana kutwa. Jioni chakula kilipoletwa, wageni wawili waliingia na shauri la ndoa ya binti yao, nami nikawasikiliza mpaka mwisho huku sahani ikiningoja mezani. Walipoondoka nilifunua mboga za Akinyi. Ukingo wa sahani ulikuwa umefanya utando mweupe, mgumu, kama nta ya mshumaa. Niliukwangua kwa ukucha, nikaonja. Samli. Nikazamisha kijiko katikati ya mboga, na katikati nako kulikuwa na samli.

Nilimwita Akinyi. Alikuja akifuta mikono, akaona kijiko, akapiga magoti mlangoni.

"Baba, nisamehe."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze kupungua."

"Kwa nini, mwanangu?"

Alilia kabla ya kujibu. "Watu wanasema Rodi yote. Wananiuliza watoto wangu wanakula na wewe sahani moja kwa nini. Mimi sikutaka kukudanganya, Baba. Ni Mama alisema nitie."

Nyar Asumbi alikuwa amesimama nyuma yake mvuani, kichwa wazi. Aliingia, akamwinua Akinyi kwa kiwiko, akamwambia aende kwa watoto. Kisha akanigeukia mimi.

"Ndiyo, ni mimi. Nipige kama unataka."

"Nimewahi kukupiga?"

"Basi usinitazame hivyo. Ulikuja na hesabu yako kutoka Migori, kalori, kalori, na kila mwezi unarudi umepungua, unacheka. Unanionyesha mshipi! Mimi mshipi wa aina hiyo nimeshauona, Baba Ouma. Nilimfunga nao mwanangu suruali isimwanguke."

Nilikiweka kijiko mezani, naye akaendelea.

"Yule nilimlisha akakataa kunenepa. Wewe nikasema, huyu angalau mwili wake unashika. Nilipoona mashavu yamerudi kidogo, nililala usingizi."

"Nyar Asumbi, hayo mashavu ndiyo yatakayoniua."

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Alikwambia wewe. Hajaniambia mimi."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimebeba hesabu ile kama siri yangu na daktari, nikaileta nyumbani kama amri. Juma lililofuata tulikwenda Migori pamoja.

Bi. Moraa alimsikiliza mke wangu kwanza, mpaka habari ya Ouma ikaisha, na hakutazama saa. Ndipo akasema, "Mama, kijiko kikubwa kimoja cha samli kina kalori zaidi ya mia moja. Ulikuwa unatia vingapi?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa natia mpaka moyo utulie."

Bi. Moraa aliinamisha kichwa. Sijui kama alikuwa anacheka au anafuta machozi. Baadaye akanigeukia. "Mzee, nilikushuku bure. Pole." Kisha akamrudia Nyar Asumbi. "Wewe uliogopa kwamba namfunga njaa. Njoo uone." Akarudia hesabu yote mbele yake: hiki mwili unakitaka uishi, hiki unakitaka utembee, hiki ndicho tunachoacha, na chini ya hapa hatushuki. "Kuna sakafu, Mama. Akishuka chini ya hii, hata mimi nitaogopa pamoja nawe."

Nyar Asumbi aliweka kidole juu ya ile elfu moja na mia tano. "Basi hii nilinde mimi," akasema. "Nyinyi lindeni hiyo ya juu."

Na bado hakuondoka kitini. "Na damu?"

Tulipimwa sote wawili. Majibu yalichukua siku kadhaa, nasi tulizikaa nyumbani kwa Ochieng, tukisali rozari na kuepuka kutazamana. Tulipoitwa, yalikuwa mazuri. Nilimshika mkono pale kwenye korido, nikamwambia sasa atulie. Akatikisa kichwa. "Sikuwa nimeogopa damu. Niliogopa kukuona ukiondoka kidogo kidogo. Nitazoea. Nipe muda."

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyepima. Nikiacha kipande alinisukumia: "Maliza, hujafika sakafuni." Majirani walipomuuliza kwa sauti ya chini, aliwajibu kwa sauti ya juu: "Anapungua kwa sababu mimi nampunguza. Mna swali?" Okeyo akaacha kunishika mkono kama mtu anayeaga.

Majilio, majuma ya kungoja Krismasi, yalipoanza nilikuwa na kilo mia moja na mbili. Nilipanga kumaliza hizo mbili na kwenda kupasuliwa mwaka mpya. Lakini siku moja, saa nne asubuhi, nilikohoa mara moja tu, utumbo ukatoka, na safari hii ulikuwa mgumu kama jiwe. Nililala chali, nikabonyeza, wapi. Nikatapika. Nyar Asumbi hakusali wala hakulia. Alikimbia mwenyewe hadi barabarani. Alirudi na Bwana Salim, mfanyabiashara Mwislamu wa pale Rodi, ambaye alikuwa amebwaga magunia ya sukari kutoka kwenye pikapu yake barazani na kuyaacha bila mlinzi. Alinifunika kwa turubai nisipigwe na jua, akaendesha hadi Migori bila kuuliza nauli. Mungu amlipe.

Kila shimo la barabara nililisikia kitovuni. Nilijaribu zaburi, nikasahau maneno. Nyar Asumbi alikaa nyuma pamoja nami, kichwa changu mapajani mwake.

Daktari aliugusa uvimbe, akaita watu wake. Walinipitisha mzanini nikiwa nimeshikiliwa mabega. Aliposoma alisema, "Mia moja na mbili. Ungenijia na zile za mwanzo, Mzee, ningekupasua huku nikitetemeka." Nyar Asumbi alimuuliza, "Sasa hutetemeki?" Akamjibu, "Natetemeka kidogo tu, Mama." Nikalazwa kwa dawa ya usingizi.

Niliamka jioni nikiwa na kiu na kichwa kizito. Utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi, lakini walipoufungulia ulirudia rangi yake, hawakukata chochote. Mapafu yangu yalimrudia daktari. Mshono ulishika. Siku zile za wodini, mgonjwa wa kitanda cha pili alinisomea zaburi nilizozisahau, na mke wake alimletea Nyar Asumbi chai. Nawakumbuka wote wawili kila ninaposali.

Jeraha lilipopona tuliendelea na hesabu mwaka mwingine mzima, kwa kuwa tundu lililoshonwa linaweza kufunguka tena tumbo likirudi. Kila niliposhuka, Bi. Moraa alirekebisha kiasi, kwani mwili mdogo huchoma kidogo. Kwaresima, masika, baridi, vuli. Uso wangu ukawa mwembamba kabisa, na Nyar Asumbi aliutazama kila siku bila kugeuka. Najua ilimgharimu.

Kisha tukaenda Migori kama kawaida, tukakaa kwenye benchi kama kawaida, tukaitwa. Nilikuwa na kilo themanini na sita. Bi. Moraa alinipima urefu upya, akapiga hesabu, akairudia, akatugeukia.

"Mzee, imetosha. Usipungue tena. Sasa ongeza, ufike elfu mbili na mia tatu hivi, ubaki hapo."

Nilimshukuru, nikaanza kuvaa viatu. Nyar Asumbi hakusogea.

"Umesema nini?" akauliza.

"Nimesema aongeze, Mama."

"Sema tena."

"Aongeze. Chakula. Kidogo kila siku."

Alijifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti kubwa mpaka wagonjwa wa kwenye benchi wakanyamaza, wakadhani tumepewa habari mbaya. Alipomaliza alijifuta, akanipita mlangoni, akanitangulia kwenda sokoni kununua samaki.